Nadir Haroub 'Cannavaro': Beki aliyefunga mlango wa Yanga, na kitambaa kilichomtoa Stars

Ukipita jioni kwenye uwanja wa vumbi Nyakitonto, au kijiji chochote cha Kasulu na Kibondo, angalia watoto wanavyogawana namba. Kila mmoja anataka kucheza mbele. Anayebaki nyuma mara nyingi ni yule aliyechelewa kufika, au yule asiye na viatu. Beki ni namba ya kupewa, siyo ya kuomba.

Lakini kuna Mtanzania aliyeichukua namba hiyo, akaifanya kazi ya maisha, na akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Huyo ni Nadir Haroub Ali. Mashabiki wanamjua zaidi kwa jina la 'Cannavaro'.

Safari yake inaeleza jambo ambalo wengi hawalioni: mshambuliaji hukumbukwa kwa mabao aliyofunga, ila beki hukumbukwa kwa bao moja lililoingia.

Jina limetoka wapi?

Julai 9, 2006, Italia ilichukua Kombe la Dunia mjini Berlin. Nahodha wao alikuwa Fabio Cannavaro, beki wa kati asiye mrefu sana lakini mwenye kuruka na kukaba kama kivuli. Mwaka huohuo alipewa Ballon d'Or. Mpaka leo hakuna beki mwingine aliyeichukua tangu hapo.

Nadir, Mzanzibari aliyetokea Malindi, alikuwa ndiyo kwanza anajenga jina lake Yanga. Mashabiki wa Dar es Salaam wakaona mambo yale yale: kichwa cha uhakika, miguu isiyoogopa, mdomo unaopanga wenzake. Wakambatiza. Jina likakaa, likazidi la kwao.

Mchezaji mmoja, bendera mbili

Wengi hujiuliza: ilikuwaje mtu huyuhuyu akacheze Zanzibar Heroes, halafu tena Taifa Stars?

Jibu liko kwenye uanachama. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Kwa hiyo kwenye kufuzu Kombe la Dunia na AFCON, wachezaji wa Bara na Visiwani wanavaa jezi moja ya Tanzania. Ila CECAFA inaitambua Zanzibar peke yake, ndiyo maana kwenye Kombe la Chalenji inapeleka timu yake, na Bara inakuja kama Kilimanjaro Stars.

Machi 2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili. Furaha ilidumu miezi minne tu. Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa.

Kwa hiyo Cannavaro alikuwa na kazi mbili. Novemba anaweza kumkaba mshambuliaji wa Bara akiwa na jezi ya Zanzibar, na Machi wakawa wote chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Mwaka 2012, Chalenji ya Kampala, Zanzibar na Bara zilikutana kugombea nafasi ya tatu. Zilitoka 1-1, na Zanzibar wakashinda kwa penalti.

Hata Kigoma ina sehemu yake kwenye Stars ya enzi hizo. Juma Kaseja, golikipa mzaliwa wa Kigoma, alikuwa nahodha kabla kitambaa hakijafika kwa Cannavaro.

Canada, kisha kurudi nyumbani

Mwaka 2009 Nadir alipata nafasi Vancouver Whitecaps ya Canada, klabu ambayo Mtanzania mwenzake Nizar Khalfan pia aliichezea. Wakati huo Whitecaps ilikuwa bado haijaingia ligi kuu ya Amerika Kaskazini, MLS. Iliingia 2011.

Hakukaa sana. Alirudi Jangwani, na hapo ndipo akaweka alama yake. Alikuwemo Yanga ilipotwaa Kombe la Kagame mara mbili mfululizo, 2011 na 2012. Alikuwemo pia kwenye ubingwa wa ligi wa misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2014/15 hadi 2016/17.

Usiku wa Al Ahly

Kama unataka mechi moja ya kumweleza Cannavaro kwa mtu asiyemjua, chukua ya Machi 1, 2014.

Yanga walikuwa nyumbani Dar es Salaam dhidi ya Al Ahly ya Misri kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Al Ahly walikuwa ndio bingwa mtetezi, tena walikuwa wamelichukua kombe mara mbili mfululizo. Timu za Tanzania zilizoea kupigwa na Waarabu kwao, na hata hapa nyumbani.

Dakika zikawa zinayoyoma, 0-0. Kisha ikapigwa kona. Beki akapanda mbele, akaruka, akapiga kichwa. Bao. Yanga 1, Al Ahly 0. Aliyefunga si straika. Ni Cannavaro.

Kwa nini beki wa kati ndiye anayepanda kwenye kona? Kwa sababu ndiye aliyezoea kupigania mpira wa juu kila siku. Kazi ya kuuondoa mpira kwenye boksi lake na kazi ya kuusukumia kwenye boksi la wenzake ni moja, tofauti ni upande tu. Hatari yake ni kwamba akipoteza, nyuma kuko wazi. Ndiyo maana utaona viungo na mabeki wa pembeni wakibaki nyuma kulinda.

Siku nane baadaye, Machi 9, mjini Alexandria, Al Ahly walishinda 1-0. Jumla ikawa 1-1. Hatua hiyo hakukuwa na dakika 30 za nyongeza, mkaenda moja kwa moja kwenye penalti. Yanga wakatolewa kwa 4-3.

Kwa hiyo bao kubwa kuliko yote aliyofunga halikuivusha timu. Lakini mashabiki wa Yanga wa umri fulani ukiwagusia Al Ahly, watakutajia kichwa kile kwanza, penalti baadaye.

Upande wa pili wa namba hiyo

Miezi michache kabla ya usiku ule, Oktoba 20, 2013, Yanga walikuwa wanaongoza Simba 3-0 mpaka mapumziko. Mashabiki wa Simba wengine walishaanza kutafuta milango ya kutokea. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote. 3-3.

Siku kama hiyo hakuna anayemuuliza mshambuliaji kwa nini hakufunga la nne. Wanaulizwa walioko nyuma. Beki anaweza kuokoa mipira tisa, wa kumi ukipita ndio unaorudiwa kwenye simu za watu wiki nzima.

Novemba 2015 ikawa zamu ya Stars. Walitoka 2-2 na Algeria Dar es Salaam kwenye kufuzu Kombe la Dunia, mechi ambayo Tanzania iliongoza 2-0. Siku tatu baadaye, mjini Blida, wakafungwa 7-0.

Kitambaa

Januari 2016, Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Siku chache baadaye kocha wa Stars, Charles Boniface Mkwasa, alimpa Samatta unahodha.

Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Kilichomuuma, kwa maelezo yake wakati ule, hakikuwa Samatta. Ni namna jambo lilivyofanyika. Mtu aliyevaa kitambaa alitarajia kuitwa pembeni na kuambiwa kwanza, kabla ya kuyasikia kama mtu wa mtaani.

Watu wakagawanyika. Wapo waliosema kocha ana haki ya kuchagua nahodha wake bila kuomba ruhusa. Wapo waliosema mzee wa nyumba hanyang'anywi funguo mlangoni. Wote walikuwa na hoja. Samatta naye alianza vizuri: Machi mwaka huohuo alifunga bao pekee Stars iliposhinda 1-0 ugenini Chad.

Lakini ona picha yenyewe. Kitambaa kilitoka kwa mtu anayezuia kikaenda kwa mtu anayefunga. Zawadi za soka, kuanzia Ballon d'Or hadi unahodha, hufuata mabao.

Mwisho wake

Yanga haikumuacha aondoke kimyakimya. Agosti 2018 aliagwa rasmi kwa mechi kwenye Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, kisha akapewa kazi ya umeneja wa timu. Meneja ndiye anayehakikisha safari, hoteli, jezi na nidhamu viko sawa. Nayo ni kazi ya nyuma: ikienda vizuri, hakuna anayeiona.

Na mlango wa Visiwani haukufungwa. Ibrahim Hamad 'Bacca', beki mwingine wa kati kutoka Zanzibar, naye alivuka bahari akaja kusimama palepale, katikati ya ngome ya Yanga na ya Stars.

Kwa hiyo kijana wa Nyakitonto anayebakizwa nyuma jioni ya leo asinune. Akae pale, aongee na wenzake, aruke kila mpira wa juu. Na ikipigwa kona, apande.