Bembea Zikinyamaza, Uwanja Ni wa Nani?

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha ya gurudumu kubwa la bembea lililoota kutu, magugu yameizonga miguu yake. "Mwalimu," akaniuliza, "watu hujenga raha kwa gharama kubwa namna hii, kisha huiacha ioze kwa nini?"

Sikumjibu papo hapo. Nilizikumbuka bembea za Idi uwanjani Makadara, Mombasa, nilizozipanda utotoni kwa senti nilizopewa na shangazi yangu. Zilikuja na sikukuu, zikaondoka nayo. Bembea zilikuwa mali ya mtu, bali uwanja ulikuwa wa watu wote. Naamini tofauti hiyo ndiyo kiini cha jibu.

Tutazame Coney Island, ufukweni mwa Brooklyn, jijini New York. Huko palikuwa na bustani tatu za burudani zilizovuma duniani kote. Steeplechase, maarufu kwa farasi wa mbao walioshindana mbio juu ya reli, ilifunguliwa na George Tilyou mwaka 1897. Luna Park ilifuata mwaka 1903, na Dreamland mwaka 1904, ikijigamba kwa taa zipatazo milioni moja. Treni za jiji zilipofika huko kwa nauli ya senti tano mwaka 1920, hata kibarua aliweza kuwapeleka wanawe.

Lakini ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Dreamland iliteketea Mei 1911, isifunguliwe tena. Luna Park iliungua mwaka 1944, na baadaye pakajengwa majumba ya makazi. Steeplechase nayo ilikuwa imeungua mwaka 1907, lakini Tilyou hakukata tamaa: aliwatoza watu senti kumi wayatazame magofu, kisha akajenga upya. Moto, basi, si lazima uwe kifo. Mwenye nia huinuka.

Kilichoiua Steeplechase ni hesabu ya ardhi. Warithi wa Tilyou waliifunga mwaka 1964. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Fred Trump, babake Donald Trump, aliyenuia kujenga nyumba. Mwaka 1966 aliandaa karamu ya kuibomoa, wageni wakaalikwa kuvurumisha matofali kwenye vioo vya jumba lililokuwa limewachekesha watoto kwa miaka mingi. Baadaye serikali ya jiji ilikataa kubadilisha matumizi ya ardhi hiyo, na nyumba hazikujengwa. Raha ikawa imekwenda, na makazi hayakuja. Uwanja wa mchezo wa besiboli ulikuja kujengwa hapo mwaka 2001.

Ni nini basi kilichonusurika? Cyclone, gari la reli linalopanda na kuporomoka tangu 1927, lilitiwa mikononi mwa jiji mwaka 1969. Palipozuka mpango wa kulibomoa, wananchi walipiga kelele hadi likaachwa, na mwaka 1988 likatangazwa kuwa turathi ya jiji. Ufuko wenyewe, uliokuwa wa umma, haujafungwa. Kilichokuwa na mlinzi na sheria kilibaki. Kilichotegemea daftari la mwenyewe pekee kilikufa siku hesabu ilipobadilika.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani tu. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi walipouangusha ukuta uliozingira uwanja wao wa michezo. Watoto hao hawakudai taa milioni moja. Walidai mahali pa kukimbilia mpira. Uwanja ukarudishwa kwa shule, lakini ni aibu iliyoje kwamba watoto ndio waliolazimika kuwa walinzi, sisi wazima tukitazama!

Kwa hiyo nimemjibu mwanafunzi wangu hivi: raha huachwa ioze pale ardhi inapohesabiwa kuwa na thamani kuliko kicheko, na pasiwe na mtu wa kusema la. Nawasihi walimu wenzangu waulize swali moja kabla ya muhula kwisha: hati ya uwanja wa shule yetu iko wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo, ndugu zangu, huenda ukajengwa katikati ya uwanja.