Wiki Kuu ya pili nyumbani: Familia inapobaki kuwa kanisa

MWAKA 2021, kwa mwaka wa pili mfululizo, Wakristo wengi nchini Kenya waliadhimisha Wiki Kuu wakiwa nyumbani. Siku mbili tu kabla ya Jumapili ya Matawi, yaani Ijumaa ya Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Ibada za kukusanyika zikasitishwa, kafyu ikarudishwa nyuma hadi saa mbili usiku, na waliokuwa wamepanga kwenda mashambani kula Pasaka na wazee wakabaki walipo.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa yameanza vivyo hivyo. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, Kwaresima ikiwa na siku 17. Machi 22, Jumapili ya nne ya Kwaresima, serikali ikasimamisha ibada zote. Jumatatu ya Wiki Kuu, Aprili 6, jiji la Nairobi likafungwa.

Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada haikutakiwa kuzidi saa moja wala waumini 100. Waliozidi miaka 58 na watoto wasiotimiza 13 waliambiwa wasubiri. Kwa maneno mengine, nyanya anayewafundisha wajukuu kuomba, pamoja na wajukuu wenyewe, ndio waliobaki nje.

Majivu bila kuguswa

Mwaka 2021 Kwaresima ilifunguliwa kwa ishara ambayo wengi hawakuizoea. Kwa maagizo ya Vatican, padre aliyatamka maneno ya Jumatano ya Majivu mara moja kwa waumini wote, akasafisha mikono, akavaa barakoa, kisha akanyunyiza majivu kichwani pa kila mmoja pasipo kusema neno. Msalaba wa kuchorwa kwenye paji la uso haukuwepo.

Kanisa limewahi kupita njia hii. Tauni ilipoikumba Milan mwaka 1576, watu wakatakiwa wasitoke majumbani, Askofu Mkuu Carlo Borromeo aliagiza altare zisimikwe kwenye njia panda ili waumini wafuatilie Misa kutoka madirishani. Karibu miaka 50 kabla ya hapo, tauni ikiwa Wittenberg, Martin Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa, lakini akaandika kwamba ni wajibu wa Mkristo kutumia dawa na kuepuka kwenda asikohitajika, asije akawa sababu ya kifo cha mwenziwe.

Na Machi 27, 2020, Papa Francis alisali peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro huku mvua ikinyesha. Mbele yake ulikuwepo msalaba ambao watu wa Roma waliuzungusha mitaani wakati wa tauni ya mwaka 1522.

Mfungo na njaa

Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu inataja mambo matatu: sadaka, sala na kufunga. Yote matatu, Yesu anaagiza yafanywe pasipo kuonekana na watu, na anayesali aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Kwa familia nyingi, agizo hilo lilikuwa hali halisi mwaka huo.

Ila mfungo wa mwaka huo haukuwa sawa kwa wote. Baba anayetegemea kibarua cha mjengo, au mama anayefulia watu nguo, siku asiyoitwa kazini jiko haliwaki. Njaa ambayo mtu hakuichagua si mfungo, na hakuna anayepaswa kuhubiriwa aivumilie kana kwamba ni ibada. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea waliofunga huku wakiwakandamiza wafanyakazi wao. Anasema mfungo unaompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula.

Hivyo familia yenye uwezo ina hesabu rahisi ya kufanya. Mlo ulioachwa Ijumaa una bei yake. Unga, mafuta na mboga ambavyo havikupikwa vinaweza kupelekwa mlango wa pili. Ni vizuri watoto washirikishwe, wajue kimeachwa nini na kimeenda wapi, bila jirani kuaibishwa.

Upo pia mfungo wa ulimi. Watu wamebanana katika chumba kimoja au viwili, watoto wanasoma mezani, kodi inadaiwa, na neno dogo linazua ugomvi. Kuacha nyama huku maneno makali yakiendelea ni kazi bure. Na panapopigwa mtu, jambo hilo si msalaba wa kubebwa kimya. Mama au mtoto anayeumizwa ana haki ya kuondoka na kutafuta msaada, na jumuiya inayojua ina wajibu wa kumpokea.

Sala ya sebuleni

Vituo 14 vya Njia ya Msalaba havihitaji ukumbi. Vinaweza kupitwa sebuleni saa tisa alasiri siku ya Ijumaa Kuu, kila mtoto akipewa kituo chake cha kusoma, na nyanya wa shambani akisikiliza kupitia simu. Wenye redio wanaweza kuifuata ibada inayotangazwa, mradi wasiketi kama watazamaji: wasimame inapopasa kusimama, waitikie na kuimba.

Kwa Wakatoliki wanaohuzunika kwa kukosa kitubio, Vatican ilikumbusha Machi 20, 2020 fundisho la zamani: anayejuta kikamilifu kwa kumpenda Mungu, akaomba msamaha akiwa na nia thabiti ya kuungama mara nafasi itakapopatikana, husamehewa hata dhambi kubwa. Kwa wanaokosa Ekaristi, ipo komunyo ya kiroho, yaani kumkaribisha Kristo moyoni kwa sala.

Zipo nyumba ambazo kiti kimoja sasa ni kitupu. Mwaka 2020 mazishi yaliruhusiwa watu 15 pekee, na wengi waliwazika wapendwa wao bila matanga, bila hata kuwashika mkono wanaowafariji. Jumamosi Kuu, siku ambayo Kanisa hukaa kimya kando ya kaburi, ni siku ya kuwataja marehemu hao kwa majina, kueleza waliishi vipi, na kulia ikibidi. Machozi hayo hayaonyeshi upungufu wa imani. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

Usiku huo, mshumaa mmoja unaweza kuwashwa mezani na mtoto mdogo kuliko wote, na habari ya kaburi tupu isomwe.

Pasaka, Aprili 4, 2021, haikukosa kufika kwa sababu milango ilikuwa imefungwa. Yohana anasimulia kwamba jioni ya Pasaka ya kwanza kabisa, wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Hawakuwa hekaluni wala hawakuwa na sherehe. Yesu aliwajia humo humo walimojificha, akasimama katikati yao, akawatakia amani.