Mzunguko wa Baleti Huanzia kwenye Kusimama

Pia ya mtoto ikisimama wima huzunguka kwa utulivu hadi ukadhani haisogei. Ikiinama kidogo tu huanza kuyumba, huchora duara pana, kisha hulala. Anayejifunza pirueti, yaani mzunguko kamili juu ya mguu mmoja katika densi ya baleti, yuko chini ya sheria hiyohiyo. Ndiyo maana mwalimu mzuri hamwambii mwanafunzi mpya azunguke. Humwambia asimame.

Mwanafunzi hukereka, maana amekuja kuzunguka. Hujirusha kwa mabega, na kabla hajafika nusu amekwisha kuangukia upande. Nguvu alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mhimili.

Somo lenyewe huenda hivi. Anayezunguka kuelekea kulia hutanguliza mguu wa kushoto, wa kulia ukabaki nyuma kwa umbali wa unyayo mmoja hivi. Hiyo ndiyo iitwayo nafasi ya nne katika baleti. Mkono wa kulia hupinda mbele ya mwili kama wa aliyekumbatia kikapu, wa kushoto hufunguka kando. Magoti hukunjwa polepole, kisha nyayo husukuma sakafu. Mguu wa kushoto hunyooka na kisigino chake kuinuka, ncha ya mguu wa kulia hupanda hadi gotini, na mikono hukusanyika mbele ya kifua. Mikono ikikaribia mwili, kasi huongezeka bila mchezaji kuongeza nguvu. Ikitawanyika, kasi hufa.

Hatua hizo hurudiwa kwanza bila kuzunguka: kunja, sukuma, inuka, tulia, shuka. Hufuata robo mzunguko, halafu nusu. Mzunguko mzima huja baadaye, na mara nyingi huja wenyewe.

Yabaki macho. Mchezaji huchagua alama moja mbele yake, labda msumari ukutani, akaikazia. Mwili ukigeuka, kichwa hubaki nyuma kikiitazama alama. Shingo ikishindwa kuendelea, kichwa hugeuka upesi na macho huiwahi alama ileile kabla mwili haujafika. Sababu ni kwamba ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji. Mwili unaposimama ghafla, majimaji hayo huendelea kusogea, nasi tukahisi dunia inazunguka. Macho yenye mahali pa kurudi hupunguza mkanganyiko huo.

Ubongo nao hufundishika. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London walilinganisha wanawake 29 wacheza baleti na wengine 20 wapiga makasia. Waliwazungusha kwenye kiti gizani, kisha wakapima ubongo wao. Hisia ya kuzunguka iliwaishia wacheza baleti mapema zaidi, na sehemu ya ubongo inayopokea taarifa za mzunguko kutoka sikioni ilikuwa ndogo zaidi kwao. Miaka ya kurudia zoezi lilelile ilikuwa imeacha alama kichwani.

Wapo wanaodhani elimu hii ni ya wenye kumbi za vioo. Lakini Joel Kioko alilelewa Kuwinda, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Darasa lake la kwanza la densi lilikuwa chumba cha shule ya umma, madawati yakiwa yametolewa nje, bila kioo wala mti wa kushikilia. Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 16 na akisomea baleti Marekani, alirudi nyumbani kucheza peke yake jukwaani katika baleti ya The Nutcracker. Naye Mike Wamaya, aliyefundisha baleti watoto wa Kibera, mtaa mwingine wa jiji hilo, aliingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2017.

Nawaza sasa mtoto wa Mpofi, kule Masisi inakopakana na Walikale, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka mingi kituo cha Yole!Africa kimewapa vijana wa jiji la Goma mahali pa kujifunza densi, muziki na filamu, lakini kutoka milima ile Goma ni mbali, na vita vimeifanya kuwa mbali zaidi. Mtoto huyo anastahili ukumbi, mwalimu na njia salama ya kumfikia. Tusimwambie kwamba miguu mitupu yatosha. Udongo ulioshindiliwa huushika unyayo, na mwili ukigeuka juu ya unyayo ulionaswa, goti ndilo linaloumia. Mzunguko mzima usubiri sakafu laini.

Kusimama hakusubiri. Mbele ya nyumba yao anaweza kuinua mguu mmoja hadi gotini, akakaza tumbo, akashusha mabega, akachagua jani moja la mgomba na kulikazia macho. Ahesabu hadi nane, abadili mguu, arudie kesho. Siku atakapofika nane bila jani lile kucheza machoni pake, sehemu ngumu ya pirueti atakuwa nayo tayari, popote atakapoipata sakafu.