Nyuzi 180 Aliziweka Nani?

Nafundisha hesabu sekondari, na hakuna swali linalonifurahisha kama hili: "Mwalimu, nani alizipima pembetatu zote akajua zina nyuzi 180?" Hakuna aliyezipima. Tena ukipima yako ukapata 178, utaambiwa urudie. Kosa litakuwa la mkono wako, si la kanuni.

Mbona kanuni haianguki? Mwaka 1781 mwanafalsafa Immanuel Kant alijibu kwamba akili ya binadamu ndivyo ilivyo, haiwezi kuiona nafasi kwa namna nyingine. Mwaka 1923 Mmarekani Clarence Irving Lewis, mwalimu wa falsafa Harvard, alijibu kipragmatiki, yaani kwa kutazama kinachofanya kazi, na jibu lake ndilo nililolishika. Kanuni hizi hazikanushwi na tukio lolote kwa kuwa ndizo tunazopimia matukio. Tumeziweka wenyewe, na zikishindwa kazi tunaweza kuweka nyingine.

Changanya lita moja ya spiriti safi na lita moja ya maji. Hupati lita mbili, zinapelea. Lakini hakuna anayesema moja na moja si mbili. Tunasema vimiminika vimeingiliana. Hesabu tumeiacha palepale, tukabadili maelezo ya vimiminika.

Pembetatu, hata hivyo, zilipata mpinzani. Chukua tufe la dunia, shuka toka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, ifuate Ikweta robo ya mzunguko, kisha panda tena nchani. Pembe tatu, kila moja nyuzi 90: jumla 270! Mrusi Lobachevsky alikwisha kuchapisha tangu 1829 jiometri isiyomfuata Euclid, Mgiriki wa kale mwenye zile nyuzi 180, na Einstein alipokamilisha nadharia yake ya uvutano mwaka 1915 alitumia jiometri ya Riemann, nayo isiyomfuata Euclid. Fundi wa nyumba bado yuko na Euclid, na kwa kazi yake yuko sahihi.

Je, ikiwa kanuni tunaziweka wenyewe, kila mtu ajichagulie hata mantiki yake? La. Lewis mwenyewe aliunda mifumo kadhaa ya mantiki inayotofautiana juu ya lililo la lazima, lakini uchaguzi una gharama: anayekubali jambo pamoja na kinyume chake hawezi kuandika hata risiti ikaeleweka.

Mwanafalsafa Quine, aliyesoma kwa Lewis, alikwenda mbali zaidi mwaka 1951, akakana kwamba kuna mpaka ulio wazi kati ya kanuni na habari za dunia. Hapo simfuati. Pale spiriti na maji vinapopelea, kila aliye maabara anajua cha kupima tena ni chupa, si kujumlisha.