Chuchu na nyonyo za mpira asilia: je, zinamfaa mtoto wako?

Chuchu za chupa, nyonyo na vifaa vya kung'ata wakati wa kuota meno hutengenezwa kwa mpira asilia, silikoni au plastiki laini. Neno "asilia" kwenye pakiti halimaanishi kwamba kifaa kinamfaa kila mtoto.

Mpira asilia hutengenezwaje?

Mpira hutokana na utomvu mweupe wa mti wa mpira. Kwa njia ya kawaida, huchanganywa na salfa na kupashwa moto. Mmarekani Charles Goodyear aligundua njia hii mwaka 1839. Mpira wa aina hii huvutika na kurudi, na hauwezi kuyeyushwa ukaundwa upya.

Siku hizi mpira asilia unaweza pia kuchanganywa na plastiki, kwa mfano polipropilini. Mchanganyiko huo huvutika kama mpira, lakini kwenye joto kali kiwandani huyeyuka na kuundwa upya kama plastiki.

Je, mtoto anaweza kudhurika?

Utomvu wa mpira una protini zinazosababisha mzio kwa baadhi ya watu. Kuchanganya mpira na plastiki si hakikisho kwamba protini hizo zimeisha. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, au waliofanyiwa upasuaji mara nyingi, wako hatarini zaidi.

Acha kutumia kifaa na umwone mhudumu wa afya ukiona:

- vipele au wekundu kuzunguka mdomo
- macho kuwasha, chafya au kikohozi kila anapokitumia

Midomo au uso ukivimba, au mtoto akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.

Kama mtoto ana mzio huu, mwambie mhudumu kabla ya chanjo, kung'olewa jino au upasuaji. Baadhi ya glavu hutengenezwa kwa mpira huohuo. Silikoni haitokani na mti wa mpira, hivyo inaweza kumfaa.

Kabla ya kutumia

- Soma maelezo ya pakiti: si kila kifaa kinastahimili kuchemshwa.
- Vuta chuchu pande zote. Ikiwa imepasuka, inanata au imevimba, itupe. Kipande kikikatika kinaweza kumkaba mtoto.
- Usiianike juani. Jua huuchakaza mpira.

Ikiwa mtoto hanyonyi titi, kikombe kidogo kisicho na mfuniko ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na hakihitaji chuchu kabisa.