Jina la Bafa: Nambari au Nasaba?

Katika mtaa wenye akina Hamisi wawili, ni nadra wenyeji kuwaita Hamisi wa Kwanza na Hamisi wa Pili. Mmoja huwa Hamisi wa Juma, mwenziwe akawa Hamisi wa Bakari. Jina la baba hutenda kazi iliyolishinda jina la mtu binafsi, yaani kutofautisha. Suala hilihili la kisemantiki limewakabili waundaji wa vihariri vya matini katika tarakilishi, na suluhisho lao la awali lilikuwa duni kuliko la watu wa mtaani.

Mfano bora ni Emacs, kihariri kilichoanzia katika taasisi ya MIT nchini Marekani mwaka 1976, na ambacho toleo lake la GNU lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Faili likifunguliwa humo, matini yake hunakiliwa katika kumbukumbu ya tarakilishi. Nakala hiyo huitwa bafa, nayo ndiyo ihaririwayo hadi mwandishi aamuru mabadiliko yahifadhiwe katika faili.

Aghalabu bafa hurithi jina la faili, na hapo ndipo utata huzuka. Katika lugha ya Python, folda ambalo ni pakiti ya kawaida sharti liwe na faili liitwalo __init__.py. Programu yenye pakiti tano basi ina mafaili matano ya jina moja, na mwanaprogramu hana hiari ya kulibadilisha. Zamani Emacs iliita bafa ya pili __init__.py<2>, na ya tatu __init__.py<3>. Nambari hizo zilieleza mpangilio wa kufunguliwa tu. Mpangilio ukibadilika kesho yake, <2> ya jana huwa <3>. Aliyezoea kuiendea <2> angeweza kuuvuruga msimbo wa malipo akidhani anarekebisha wa majaribio, kisha akauhifadhi.

Tangu toleo la 24.4 la mwaka 2014, Emacs huongeza jina la folda badala ya nambari: __init__.py<malipo>, __init__.py<majaribio>. Hamisi amepewa baba.

Zipo pia bafa zinazozaliwa bila faili lake zenyewe. Modi ya Org, imwezeshayo mwandishi kuchanganya maelezo na msimbo katika faili moja, hufungua kipande cha msimbo katika bafa ya kando yenye jina kama *Org Src tasnifu.org[ python ]*. Jina hilo lina nasaba, ambayo ni faili, na lina kabila, ambalo ni lugha ya msimbo. Lisilosema ni kazi ya kipande chenyewe. Vipande viwili vya Python vya tasnifu moja vikifunguliwa pamoja, nambari hurejea. Hapa hapana budi mwandishi mwenyewe atoe jina. Amri ya rename-buffer humruhusu kuandika, tuseme, *kuhesabu-mizani* na *kupanga-vina*, na faili lenyewe haliguswi.

Tahadhari moja tu: jina lisianze kwa nafasi tupu. Emacs huichukulia bafa ya jina la namna hiyo kuwa ya matumizi yake ya ndani, na haiionyeshi katika orodha ya kawaida ya bafa.