Kuchagua redio yenye GPS kwa kazi za vijijini

Timu zetu zinazofuatilia migogoro ya wakulima na wafugaji katika uwanda wa Ruzizi hutembea kwa miguu, mbali na barabara ya taifa namba 5. Ukiacha Luvungi na kupanda upande wa Lemera, kuna mabonde ambako simu haishiki. Ndiyo maana washirika wengi hutuuliza juu ya chombo kimoja chenye GPS pamoja na redio ya mkononi, ile ambayo wengi huku huiita "motorola". Kampuni ya Garmin ilileta chombo cha namna hiyo, Rino, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu huzungumza nacho, hujua mahali alipo, na huweza kumtumia mahali hapo mwenzake aliye na chombo kama hicho.

Kabla ya kununua, tunashauri kuangalia mambo matano.

1. Ruhusa. Rino ilitengenezwa kwa masafa ya Marekani, 462 na 467 MHz. Ulaya, redio ndogo zisizo na leseni hutumia 446 MHz, kwa nguvu isiyozidi nusu wati. Ruhusa za huko hazina nguvu Kongo. Ulizeni kwanza ARPTC, mamlaka ya mawasiliano.

2. Umbali. Kilomita zilizoandikwa kwenye boksi hupatikana mahali pasipo kizuizi, kama kilele kwa kilele. Watu wawili wanaotembea uwandani wategemee kilomita chache tu. Nyuma ya mlima, hata hizo hupungua. Kwa kuongea na ofisi ya Uvira, bado mtahitaji redio kubwa ya gari.

3. Betri. Chagueni chombo kinachokubali betri za kawaida zinazouzwa sokoni, kwani umeme wa kuchajia si wa kila kijiji.

4. Usahihi. Hadi tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Leo, mahali pa wazi, kosa ni mita chache. Hiyo inatosha kuonyesha ng'ombe walivukia wapi. Haitoshi kukata shauri la mpaka wa mashamba mawili. Mpaka huo utembelewe na wazee, majirani na chefu wa kijiji.

5. Usiri. Hili ndilo kubwa zaidi. Namba za faragha za redio hizi hazifichi maneno. Yeyote aliye kwenye chaneli hiyo anaweza kuwasikia, hata ng'ambo ya mto Ruzizi. Tena, baada ya mapigano ya Desemba 2025 yaliyopita Kamanyola na Luvungi hadi Uvira, mtu mwenye chombo kinachohifadhi pointi za ramani huitwa mpelelezi kwa urahisi. Kwa hiyo:

- wajulisheni viongozi wa kimila na wa usalama kabla ya safari;
- bebeni hati ya misheni inayotaja chombo hicho;
- msihifadhi kamwe pointi za kambi za silaha wala nyumba za mashahidi;
- hamisheni pointi za siku ofisini, kisha mzifute.

Pasipo ruhusa, simu ya kawaida yenye GPS husaidia, maana hupata pointi hata bila mtandao. Ila tahadhari ni zile zile. Chombo ambacho hamwezi kukieleza kwa sentensi mbili kwenye barieri, kiacheni ofisini.